Vipele Vilivyojipanga Mstari

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, sokoni na katika wodi ya wazazi alikofanya kazi mpaka nywele zikawa nyeupe, watu walimwita Bi Sukuma. Ukunga ndio uliompa jina hilo. Mama mwenye uchungu akishafika mikononi mwake, sauti ya Bi Sukuma ilitoka wodini, ikapita kwenye korido, ikashuka ngazi na kuwafikia walinzi getini: "Sukuma, mwanangu! Usinipigie kelele mimi, sukuma!" Wenzake walipenda kusimulia kwamba siku moja dereva aliyekuwa akihangaika na gari bovu nje ya ukuta wa hospitali aliisikia sauti hiyo, akashuka bila kuuliza, akaanza kusukuma.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mwembamba mwenye maneno machache na utani mwingi. Alikutana na Bi Sukuma siku alipompeleka dada yake kujifungua, na tangu siku hiyo alimwita Nesi. Walioana, wakazaa, wakalea, wakaozesha, na bado alikuwa Nesi tu. Yeye Bi Sukuma alimwita Baba Watoto mambo yakiwa shwari. Ukisikia ameitwa Kinyozi, basi ujue pana neno.

Binti yao wa mwisho alikuwa mwalimu, ameolewa nchi ya mbali. Kabla ya kuondoka aliwaachia laptopu yake ya zamani, akawafundisha kuwasha, kuandika na kupiga simu ya video. Mwanzoni wazee walikiona kifaa kile kama mgeni aliyekuja na masharti mengi. Lakini binti alipojifungua mtoto wa kiume, mambo yaligeuka. Laptopu ikapewa meza yake sebuleni na kitambaa cha kutandikia. Kila ilipomaliza kazi ilifungwa, na juu yake ikawekwa albamu kubwa ya picha za familia ili vumbi lisiingie.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda cha Bi Sukuma, ingawa hakukisema. Alikuwa amepokea watoto wa watu mpaka akaacha kuhesabu, wengine leo wana ndevu na wanampisha kwenye foleni. Huyu wa damu yake alipokelewa na mikono ya watu asiowajua. Hakumnusa utosini wala hakumbeba. Alichokuwa nacho ni kioo kile tu, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na alikikagua kama alivyokuwa akikagua vitanda vya wodi yake.

Jumapili moja simu iliunganika vizuri kuliko siku zote. Mtoto, ambaye babu yake alikuwa amembatiza Kibonge kwa sababu ya mashavu yake, alikuwa macho, amekaa kwenye mapaja ya mama yake na kutafuna ngumi.

"Haya, msogeze hapo karibu," Bi Sukuma alisema. "Hivyo hivyo. Ngoja. Hebu ngoja kwanza. Huyo mtoto ana nini shavuni?"

"Hana kitu, mama."

"Hana kitu vipi, na mimi naona? Vipele hivyo! Vidogo vidogo, vimejipanga. Amekula nini?"

"Mama, ananyonya tu."

"Basi wewe umekula nini? Mvue fulana."

Binti akamvua. Kibonge alifurahia sana kubaki kifua wazi, akapiga mateke. Bi Sukuma alivaa miwani yake, akaivua, akaifuta kwenye kanga, akaivaa tena.

"Tumboni pia vimo! Mgeuze. Yesu wangu, na mgongoni!"

Sasa binti naye akaingiwa na hofu. Akamwita mumewe, ambaye alitokea akiwa na tochi ya simu mkononi, akamsalimia mama mkwe haraka haraka, kisha akammulika mtoto kuanzia utosini hadi unyayoni.

"Shikamoo tena, mama. Samahani, mimi sioni kitu kabisa."

"Huoni kwa sababu hukusomea," Bi Sukuma alimjibu. "Baba Watoto, njoo uangalie hapa usije ukasema nimezeeka vibaya."

Kinyozi aliacha kikombe chake cha chai, akainama, akakodoa macho. Alitamani sana kumtetea mkwewe, lakini ukweli ulikuwa mbele yake.

"Hata mimi naviona," alisema kwa huzuni. "Vingi."

Basi nyumba zote mbili zikaingiwa na kiwewe. Bi Sukuma aliuliza juu ya homa, kinyesi, sabuni ya kufulia na mafuta ya kupaka. Binti alikuwa ameshika simu nyingine akitafuta namba ya daktari. Mkwe alikuwa anatafuta viatu. Katikati ya heka heka hiyo Kibonge, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na utulivu, akajisaidia haja ndogo juu ya mama yake. Binti akanyanyuka naye mbio kwenda kumbadilisha.

Kwenye kioo likabaki pazia la nyumba yao, pazia la rangi ya maziwa. Nalo lilikuwa na vipele.

Vilikuwa vile vile. Vidogo, vya mraba kidogo, vimejipanga mistari minne, kuanzia pazia lilipoanza mpaka kwenye ukuta.  Mumewe alitazama pazia, akamtazama mkewe, akatazama pazia tena.

"Nesi," alisema polepole, "hata pazia limeambukizwa."

Upande wa pili mkwe alisikia, akaketi sakafuni na kiatu kimoja mguuni, akacheka hadi akashindwa kupumua. Binti alirudi na mtoto mkavu, akakuta watu wazima watatu wanajishika mbavu. Alipoelezwa, alitaka kukasirika, ikashindikana.

"Mama, jamani! Futa kioo!"

Bi Sukuma hakuwa mtu wa kuambiwa mara mbili kuhusu usafi. Simu ilipokatika tu, alichukua taulo, akalilowesha kwa maji ya sabuni ya vyombo, akakifuta kioo kile kama anafuta kitanda cha wodini. Vipele vilipungua, lakini kioo kikabaki na michirizi kana kwamba ng'ombe amekilamba. Tone la maji likaanza kuteremka pole pole kuelekea ukingoni. Kinyozi akalidaka kwa mkono wa shati lake kabla halijaingia ndani.

"Hapana, hapana. Hii siyo meza, Nesi. Nina dawa ya kufutia vioo pale kazini, lakini sithubutu. Kesho twende kwa Fundi."

Fundi alikuwa msichana mwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta, lililopakana ukuta mmoja na kibanda cha kunyolea cha mzee. Asubuhi waliingia wote wawili, Kinyozi amebeba laptopu kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Fundi aliwaamkia, akawapa viti, akaizima laptopu kabisa, kisha akaigeuza kidogo ili mwanga wa mlangoni uangukie kioo.

"Njooni mtazame huku, kwa upande," alisema. "Mnaona? Huu mstari wa juu ni namba. Hii mitatu ni herufi. Na hili doa refu hapa chini ni ile batani ndefu ya kuachia nafasi."

Bi Sukuma akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Kweli, kibodi yote ilikuwa imejichora kwenye kioo.

"Nani kaichora?"

"Imejichora yenyewe, mama. Ukiifunga laptopu, kioo na vitufe vinalala uso kwa uso. Nafasi iliyopo ni nyembamba sana. Vidole vyetu vina jasho na mafuta, yanabaki kwenye vitufe. Sasa ukifunga, halafu ukaweka kitu kizito juu, au ukaibana kwenye begi, vitufe vinagusa kioo, vinaacha alama. Ikiendelea hivyo muda mrefu, alama nyingine hazifutiki tena."

"Kumbe sisi tukilala vinabusiana humo ndani," alisema Kinyozi.

"Nyamaza wewe," alisema Bi Sukuma, lakini uso ulikuwa umemshuka. Alikuwa ameikumbuka albamu.

Fundi akatoa kitambaa laini kama cha kufutia miwani, akapitisha juu ya kioo bila kukandamiza, kutoka juu kwenda chini. Palipogoma, alilowesha pembe ya kitambaa kwa maji safi kidogo, akaikamua, akafuta, halafu akakausha kwa upande mkavu. Alisema maji yasimwagiwe wala kupuliziwa kwenye kioo moja kwa moja, sabuni ya vyombo ikae jikoni, na ile dawa ya vioo vya kinyozi ibaki huko huko kwa kinyozi. Vitufe navyo vifutwe, maana ndiko mafuta yanakotoka. Kioo kiling'aa mpaka Bi Sukuma akajiona humo, akaweka kilemba chake sawa.

Walipotoka nje ndipo alipogeuka.

"Kinyozi."

Mzee akajua pana neno.

"Mafuta, kasema. Nani katika nyumba ile anashinda kutwa ameshika mafuta ya nywele? Nani anakuja asubuhi kusoma habari za mpira na vidole vinateleza? Mjukuu wangu nusura apelekwe hospitali bure!"

Kinyozi alifikiri kujitetea, akaona haina maana. Ushahidi ulikuwa kwenye viganja vyake, unanukia. Basi ikawekwa sheria. Kabla ya kugusa laptopu, kinyozi ataosha mikono kihospitali: viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka viwiko. Kisha ataionyesha pande zote mbili. Naye alitii. Alisimama mbele ya mkewe kila asubuhi amenyoosha mikono kama mtoto wa shule anayekaguliwa kucha, na wakati mwingine aliongeza kutoa ulimi, ukaguliwe nao. Alifukuzwa.

Haikupita muda, kaka yake Kinyozi akaita watu wa kusaidia kuezeka nyumba, mji wa jirani. Kinyozi alifunga kibanda, akaenda kwa siku kadhaa. Bi Sukuma alibaki na nyumba yake, na kioo chake kisafi. Alikuwa ameiondoa albamu. Asubuhi alikaa na laptopu kuwaandikia wakunga wenzake wastaafu, ambao walikuwa na kundi lao la kubishana kuhusu magoti na wajukuu. Mchana alimwandikia binti yake nasaha ndefu juu ya kunyonyesha, kulala na kucheua. Aliandika kwa vidole vyote, kwa nguvu, kama alivyozungumza. Akimaliza alifunga.

Siku moja aliifungua, jua likaingia dirishani kwa ubavu, likaangukia kioo. Vipele.

Vilikuwa hafifu, lakini vilikuwepo, vimejipanga vile vile. Alisimama. Alienda mlangoni, akahakikisha ulikuwa umefungwa. Alitazama viti vyote kana kwamba Kinyozi angeweza kuwa amejificha nyuma ya kimojawapo na vidole vyake vya mafuta. Hakukuwa na mtu. Tangu mumewe aondoke, hakuna kiumbe kingine kilichoigusa laptopu ile.

Akakaa. Akainua mikono yake mbele ya macho, akaigeuza kwenye jua.

Iling'aa kama sufuria mpya.

Pembeni ya laptopu, pale pale siku zote, kulikuwa na kopo lake la mafuta ya mgando. Kazi ya wodini ilimfundisha kunawa mikono kila mara, na kunawa kila mara kulimkausha ngozi ikapasuka, kwa hiyo kila alipomaliza kunawa alijipaka. Alistaafu kazi, hakustaafu kunawa. Hakuna mikono safi kama yake mtaa mzima, na hakuna iliyokuwa na mafuta zaidi.

"Ala!" alisema peke yake. "Kumbe ni mimi?"

Kisha akaanza kucheka. Alicheka akiwa amekaa, akacheka akienda jikoni, akamkumbuka mumewe alivyotoa ulimi ukaguliwe, akalazimika kushika sinki.

Kinyozi aliporudi, amechomwa na jua na amejaa habari za mabati, alikuta chai tayari na mkewe ametulia kupita kawaida. Akaingiwa na wasiwasi.

"Baba Watoto, kaa. Nina neno."

Akakaa.

"Vile vipele vimerudi ulipokuwa huko. Yale mafuta siyo yako. Ni yangu mimi, ya kwenye kopo. Nimekusingizia. Nisamehe."

Kinyozi alikunywa chai polepole. Alichukua muda kuweka kikombe chini.

"Naomba urudie, Nesi. Jua la kule juu ya paa limenidhuru sikio hili."

"Nimesema nimekusingizia!"

"Hapo mwisho."

"Nisamehe, we mzee!"

"Ah," alisema, akajinyoosha kwenye kiti kama mtu aliyeshiba. "Nimekusamehe hata kabla sijafika kituo cha basi."

Bi Sukuma alisema ameamua kuacha mafuta, mikono na ipasuke tu, kuliko kumwona mjukuu wake kwenye ukungu. Utani ukamtoka Kinyozi usoni. Akaivuta mikono ile, akaifunika kwa yake.

"Usiache. Mikono hii imeoshwa kwa ajili ya watoto wa watu maisha yako yote. Ipake mafuta, ipumzike. Kioo tutakitafutia dawa nyingine."

Dawa hiyo Bi Sukuma aliipata kwenye kikapu chake cha kushona. Ikiwa vitufe na kioo vinagusana, aliwaza, basi watenganishwe, kila mmoja alale kwake, katikati pawe na shuka. Alikuwa na kipande cha flaneli kilichobaki kwenye blanketi la Kibonge. Alikipima juu ya kibodi, akakikata, akakikunja mara mbili ili kiwe imara, akakitia pindo, kwenye pindo akashona lesi, na kwenye pembe, kwa urembo, kifungo chenye umbo la kipepeo. Kilipendeza hasa. Alikitandika juu ya vitufe, akateremsha kifuniko.

Hakikufunga. Akateremsha tena, kikabaki wazi kama mdomo wa mamba. Bi Sukuma akaweka viganja viwili juu, akavuta pumzi.

"Nesi!" Kinyozi aliruka kutoka kwenye kiti. "Nesi, nakuomba, leo usisukume!"

Alimwahi. Kile kifungo cha kipepeo kilikuwa kimekaa pale pale ambapo kingekipasua kioo cha familia vipande viwili. Walikaa chini, wakacheka kwa uoga.

Fundi, alipoonyeshwa, alilisifu pindo kwa adabu, kisha akasema kinachotakiwa ni kitu chembamba, laini, kisicho na kigumu chochote, hata uzi wa mshono. Akawaelekeza duka linalouza vile vitambaa vya kufutia miwani kwa mita. Bi Sukuma alikata kipande kimoja tu, bila kukunja, bila pindo, kwa ule mkasi wa meno ambao unaacha ukingo usiofumuka. Kilienea juu ya kibodi yote na kifuniko kikafunga bila ugomvi. Kilifanya kazi mbili: kikilala kililinda kioo, kikiamka kilikifuta. Jumamosi kilifuliwa peke yake, bila manukato ya kulainishia nguo, kikaanikwa kivulini. Alama hazikurudi. Bi Sukuma aliwakatia wakunga wenzake wote, akamtumia na binti yake kimoja, na flaneli yenye kipepeo akaivalisha mto.

Kinyozi aliendelea kunawa mpaka viwiko. Aliambiwa aache, akasema ameshazoea, tena wateja wanamsifu.

Miezi ikapita kwa Jumapili. Kioo kilikuwa kisafi kiasi kwamba Bi Sukuma aliona mpaka kope za mjukuu. Kibonge sasa alikuwa anakaa mwenyewe, anamjua babu yake, na akimwona alipiga kelele ya furaha na kujaribu kumshika pua. Jumapili moja alicheka kinywa wazi, na Bi Sukuma akanyoosha kidole, bila kugusa.

"Ngoja. Huyo mtoto ana nini mdomoni?"

Binti alimtazama mumewe. Kinyozi akaweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa.

"Nesi. Usianze tena."

"Pale chini, kwenye ufizi. Kidogo, cheupe."

"Ni maziwa, mama," alisema binti.

"Maziwa nayajua. Hayo siyo maziwa. Nawa mkono, umguse."

"Mama, jana nilimtazama, hakuwa na kitu."

"Nimesema nawa, mwanangu."

Binti alinawa. Aliingiza kidole, akapapasa, uso wake ukiwa umejaa subira ya mtu anayemridhisha mzazi. Mara subira ikatoweka.

"Aii! Kaniuma! Mama! Ni jino! Ni jino kweli!"

Mkwe alikuja mbio, safari hii pasipo tochi, naye akaumwa. Kibonge aliona vidole vinaletwa kinywani mwake kimoja baada ya kingine, akadhani ndiyo chakula cha Jumapili, akauma kwa bidii na kucheka. Kinyozi alisimama akaanza kucheza katikati ya sebule, mabega tu, mtindo wa ujana wake. Bi Sukuma alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, machozi yakimteremka huku akitabasamu, kwa sababu kati ya watu wote duniani, jino la kwanza la mtoto yule alikuwa ameliona yeye.

"Mama, mbona unalia?" binti aliuliza.

"Silii. Mpe maji ya uvuguvugu, na usimpake vitu vya dukani kwenye ufizi."

"Sawa, mama." Binti akamtazama mumewe, naye akatikisa kichwa kukubali. "Tulitaka kuwaambia mwisho wa simu, lakini siwezi kuvumilia. Shule zikifungwa, tunakuja. Wote watatu. Tikiti tumeshakata."

Kinyozi aliacha kucheza, mabega yakabaki juu.

"Wote?" aliuliza.

"Wote, baba. Mpaka muhula unaofuata."

Waliongea mpaka Kibonge akasinzia kifuani kwa baba yake. Baadaye Bi Sukuma alikunja mikono ya gauni, akaingia chumba cha nyuma na tepu yake ya kupimia, mumewe akimfuata na kiti. Kitanda kilitakiwa kihame dirishani kwa sababu ya upepo, dawati litolewe, na ukutani pale, alisema Bi Sukuma akionyesha kwa kidevu, ndipo mtoto atakapolala. Kinyozi alisema pale pana joto. Wakaanza kubishana, na ubishi ukawa mtamu kiasi kwamba chakula cha jioni kilipoa mezani bila mtu kukumbuka.